Malapa Kwenye Mdomo wa Duara

Jumapili iliyopita nilimfokea Neema mbele yenu wote, mpaka akaacha mazoezi akaenda kukaa kibarazani kwa jirani. Kosa lake lilikuwa hili: mvua ilianza kunyesha, akatoka, akayachukua malapa ya mgeni wangu yaliyokuwa mlangoni, akayaweka stoo yasilowe. Binti wa watu kafanya hisani, mimi nikamrukia kana kwamba kachoma nyumba. Mlichosema baadaye nimekisikia. Ukuta wangu ni mwembamba na masikio yangu bado ni mazima, hata kama magoti yamegoma.

Najua pia mnavyonicheka ninapohesabu malapa yenu hapo mlangoni kabla sijazima feni na kufunga nyumba. Mmoja wenu huniigiza kabisa, anatembea kwa kuinama na kidole mbele, na anafanya vizuri, nitampa sehemu kwenye mchezo ujao. Sijakasirika. Lakini sanduku la vifaa nimewakabidhi, na mchezo wenyewe, "Marehemu Subiri Kwanza," mnaenda kuuonyesha Geita bila mimi. Basi nimeona niwaandikie mambo machache ya kazi hii, na humo humo Neema atapata maelezo yake.

Nilikuwa mtu wa vifaa. Wengi wenu mnadhani mtu wa vifaa ni mbeba mizigo. Mwigizaji akisahau maneno, atatunga mengine. Akisahau kutoka jukwaani, mwenzake atamvuta mkono. Lakini koleo likitakiwa na halipo, hakuna anayeweza kulitunga. Hapo watu wote wanageuka kuangalia nyuma ya turubai, na nyuma ya turubai yuko mmoja tu, Mama Kabula, na jasho linamtoka.

Kazi hii niliipata kwa mdomo wangu mbaya. Nilikuwa nauza vitumbua hapa Kambarage, karibu na ukumbi aliokuwa akifanyia mazoezi Mzee Shija na kundi lake. Mzee Shija alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na alipostaafu akasema sasa atafanya kile alichokuwa akikiwaza huku mashine zikimpigia kelele. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hana haraka. Siku moja dirisha lilikuwa wazi, nikamwona mwigizaji ananyanyua sufuria la ugali wa msiba kwa mkono mmoja, tena vidole viwili. Nikashindwa kuvumilia.

"Msiba gani huo wa kupikia watu watatu?" nikapiga kelele kutoka nje.

Mzee Shija akaja dirishani, akanunua vitumbua viwili, akaniambia, "Kesho njoo na sufuria unaloliona wewe linafaa."

Nilikwenda nalo, na sikurudi tena kwenye vitumbua. Kila ninapomkumbuka namwombea Mungu amweke pema, maana mwingine angenifukuza.

Sasa yashikeni haya. Ugali wa jukwaani uwe ugali. Niliwahi kuloweka maranda ya mbao nikayafinyanga vizuri, na mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Jamani, hawa wanakula seremala." Damu chemsheni rozela, ongezeni unga wa muhogo kidogo iwe nzito, na anayeilamba asiumwe tumbo. Machozi msiyatafute kwa pilipili. Dotto, aliyekuwa mchekeshaji wetu mkuu na ambaye ninyi mnamjua kama babu wa kitambi, alijaribu mara moja, akalia mpaka onyesho la siku ya pili. Mkiigiza uwanjani alasiri, watazamaji wapeni jua la mgongoni. Jua likiwapiga usoni wanainamisha vichwa, na aliyeinamisha kichwa hacheki. Na mkiwa machimboni msishindane na karasha. Mashine ile ya kusaga mawe haina heshima ya sanaa. Neno la kuchekesha lisubiri karasha imeze jiwe, kuna kipindi kifupi inatulia, hapo ndipo mliachie.

Jeneza letu lina habari yake. Fundi wa hapa mtaani alikataa kulitengeneza. Alisema yeye hachongi jeneza la mtu asiyekuwepo, anataka jina la marehemu. Mzee Shija akamtajia jina lililokuwa kwenye mchezo: Mabula. Fundi akauliza, "Mabula wa nani?" Ikabidi ukoo mzima utungwe pale pale, na jioni fundi akaja na jeneza, pamoja na mke wake, kutupa pole. Mke alikuwa amebeba unga. Tulipowaeleza ukweli waliondoka na unga wao bila kuaga, lakini jeneza walituachia.

Tulilipeleka Mhunze kwenye gari la wazi. Tulipofika tukateremka kunywa chai, jeneza tukaliacha garini, wazi wazi, juani. Tuliporudi tulikuta akina mama wamelizunguka na kanga vichwani, wanalia. Mmoja aliuliza, "Ni nani huyu?" na Dotto, kwa ujinga wake, akajibu, "Ni Mabula." Kumbe Mhunze wana akina Mabula wengi. Kilio kiliongezeka mpaka Mzee Shija akapanda juu ya gurudumu, akalifungua jeneza, akawaonyesha kwamba ndani kuna sufuria, vijiko na ngoma. Walitutukana kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika. Halafu jioni walikuja wote kutazama, wakakaa mbele.

Mchezo wenyewe mnaujua, lakini kwa atakayeokota karatasi hizi bila kuuona, ni hivi. Mchimbaji Mabula anadhaniwa kafukiwa shimoni. Mwili haujapatikana, kwa hiyo ndugu wanaweka nguo zake kwenye jeneza, wanalililia. Majirani wanashindana kuomboleza, ng'ombe kachinjwa, kaburi limechimbwa. Mara Mabula anaingia, mzima, anatoka kwenye machimbo mengine alikokwenda kubahatisha. Ana njaa. Wazee wanakaa kikao, wanamwambia, marehemu, subiri kwanza, watu wametoka mbali, chakula kiko tayari, lala humu jenezani kidogo ili watu wale, kisha tutaona. Jinsi Mzee Shija alivyouandika, Mabula anakubali, analala, anabebwa kwenda kaburini, na sauti ya mwisho inatoka ndani ya jeneza ikiomba kipande cha nyama. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha njiani wanaporudi makwao wanakaa kimya. Mzee Shija alikuwa anaupenda ule ukimya kuliko makofi.

Juu ya jeneza tulikuwa tunaweka malapa ya marehemu. Mimi nilinunua mapya dukani, mekundu. Tulipoyaonyesha kwenye machimbo fulani huko Geita, kijana mmoja akauliza, "Huyo marehemu kafia dukani?" Onyesho lote likaharibika kwa kicheko kisichokuwa chetu. Mzee Shija akaniambia, "Mama Kabula, tafuta malapa yaliyoishi."

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Wiki ile ile tuliitwa kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, mwendo wa pikipiki kutoka Bugarama. Tulifika asubuhi. Wenzangu wakaanza kufunga turubai, mimi nikachukua kikapu changu nikaenda kutafuta malapa yaliyoishi. Shimo la kuchimbia dhahabu kule wanaliita duara. Mwanamke haruhusiwi kusogelea mdomo wa duara, wanasema akisogea dhahabu inakimbia. Mimi wa mjini niliona upuuzi, ila nilijua kwamba nikikutwa nitakuwa na kesi, kwa hiyo nilipita pembeni pembeni.

Kwenye ukingo wa machimbo niliona duara lililofunikwa na turubai la bluu. Winchi ipo, kamba ipo, mtu hayupo. Kumbe mvuta winchi wa asubuhi alikuwa ameenda kunywa chai. Mashine ya hewa ilikuwa inanguruma peke yake, na mpira mrefu wa nailoni umeshuka shimoni umetuna. Na pale kwenye mdomo, yamepangwa vizuri kama mlangoni kwa mtu, malapa meusi jozi moja. Kisigino kimelika mpaka unaona udongo. Lapa la kushoto ukanda wake ulikatika, ukafungwa na waya mwekundu wa umeme uliosokotwa mara tatu.

Niliyapenda pale pale. Nikatazama huku na huku, nikayatia kikapuni, nikayafunika na kanga. Nilijiambia nitayarudisha jioni, na kwamba hakuna mtu wa kulilia malapa ya namna ile. Ile mashine ilikuwa inanguruma hatua mbili kutoka nilipoinama, na sikujiuliza inampulizia nani hewa. Nimejiuliza miaka yote iliyofuata.

Jambo nililokuwa silijui ni hili. Mchimbaji akizama anavaa buti, malapa yake anayaacha juu. Pale hapakuwa na karani wala orodha. Anayekuja zamu anatazama malapa, anajua chini kuna watu wangapi, na mara nyingi anajua ni akina nani. Yakiwepo, mashine ya hewa haizimwi hata mbingu zikianguka. Yasipokuwepo, hakuna mtu.

Mwenye malapa yale alikuwa Masanja, fundi wa kutoboa mwamba. Wenzake wa usiku walipanda alfajiri, yeye akabaki amalizie kutoboa. Muda mfupi kabla ya saa tisa zamu ya winchi ikabadilika, akaingia Ramadhani, mtu wa Kigoma, makini kabisa. Yule wa asubuhi alikuwa ameshaondoka. Saa tisa kipaza sauti kikatangaza kwamba wote wapande juu, zimeni mashine, leo kuna mchezo. Ramadhani akatazama mdomo wa duara. Hapakuwa na malapa. Akazima mashine ya hewa, akavuta kamba ya winchi juu, akaja uwanjani akakaa. Ramadhani hakukosea kitu. Alifanya kama alivyofundishwa.

Sisi tukaanza. Jua lilikuwa migongoni kwa watazamaji, karasha zote kimya, na nadhani hatujawahi kuigiza vizuri namna ile. Walicheka kuanzia salamu ya kwanza. Ikaja sehemu ya jeneza. Mwigizaji wa mjane, mwenye sehemu yako Neema, akayaweka malapa juu ya jeneza akaanza kilio chake cha kupanda na kushuka. Mimi nilikuwa nyuma ya turubai na maandishi ya mchezo mkononi, najisifu moyoni kwa malapa yangu.

Katikati ya watu mwanamke akasimama. Jina lake Minza. Alikuwa anauza chapati pale kwenye mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu, na bado alikuwa na unga mikononi.

"Hayo malapa ni ya Masanja," akasema.

Watu wakacheka. Mnajua tulivyokuwa na tabia ya kupandikiza mwigizaji katikati ya watazamaji, basi wakadhani ni mmoja wetu. Minza akapita katikati yao, akapanda jukwaani, akashika lapa la kushoto akaligeuza.

"Waya huu nimeufunga mimi mwenyewe. Mume wangu yuko wapi?"

Mjane wetu hakujua afanye nini, akafanya alichojua, akalia kwa nguvu zaidi na kumkumbatia. "Dada yangu, njoo tumlilie wote!" Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Wengine walikuwa wanajipiga mapajani. Minza akamsukuma.

"Mnacheka nini? Nauliza Masanja yuko wapi! Nani kayaleta haya hapa?"

Vijana wangu, ningependa kuwaandikia kwamba nilitoka hapo hapo. Sikutoka. Nilijificha. Nilikaa nyuma ya turubai nikiwaza aibu ya wizi, nikiwaza kwamba wataniuliza mwanamke ulifuata nini kwenye duara. Nilijionea huruma mimi. Wakati huo huo mtu alikuwa chini anavuta hewa iliyobaki, na hewa hiyo ilikuwa na moshi wa baruti ya usiku.

Kilichonitoa ni sauti ya Ramadhani. Alikuwa amesimama kwenye kigoda, kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mimi nimezima mashine! Malapa hayakuwepo! Wallahi hayakuwepo!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikatoka mbele ya watu na maandishi bado mkononi. "Yalikuwepo," nikasema. "Nimeyachukua mimi asubuhi. Duara la pembeni, lenye turubai la bluu."

Kicheko kilikufa kuanzia mstari wa mbele kwenda nyuma. Halafu wanaume wote wakakimbia, na vumbi lao likatufunika.

Mimi na Minza tulikimbia nyuma yao. Pale ambapo wanawake husimama hatukusimama, na hakuna aliyetuzuia. Ramadhani alivuta kamba ya kuwashia mashine ikakataa, akavuta tena ikakohoa, mara ya tatu ikawaka, na ule mpira wa nailoni ukaanza kutuna. Wakashushwa wanaume wawili. Pale juu kulikuwa na kopo lenye mawe ndani, limefungwa kwenye kamba ya kuashiria. Likitikiswa mara mbili maana yake vuta mtu. Masanja aliniambia baadaye kwamba alilitikisa kopo lile mpaka mkono ukafa ganzi, wakati sisi tuko uwanjani na vipaza sauti vyetu. Alipoona mpira umelegea alikuja akakaa chini ya mdomo, akalowesha shati akajifunga puani, akasubiri.

Tulikuwa tunalitazama kopo. Minza alikuwa na lapa moja mkononi, mimi nilikuwa na jingine, sijui nani alinipa. Hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Ng'wanawane, ng'wanawane," mwanangu, mwanangu, kana kwamba Masanja alikuwa mtoto wake.

Kopo likatikisika. Mara moja. Kisha mara ya pili.

Alitoka kijivu mwili mzima, mdomo wazi. Walimlaza, wakampepea kwa kanga yangu, akatapika, akafumbua macho. Wakamwinua akae, wakamvua buti. Na mguu wake ule mtupu ukaanza kupapasa udongo pale pembeni ya mdomo wa duara, vidole vinatafuta kitu mahali kilipoachwa.

"Malapa yangu yako wapi?"

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilipiga magoti, nikachukua lapa la Minza na langu, nikamvalisha.

"Baba, nisamehe. Niliyachukua mimi."

"Ukayapeleka wapi?"

"Kwenye mchezo."

"Mchezo wa nini?"

Niliona aibu kusema, nikasema. "Wa mtu aliyekufa shimoni."

Akafikiri kidogo, anavuta pumzi. "Kafa kweli?"

"Hapana. Anarudi."

Wakati huo wanaume walikuwa wameanza kupaza sauti. Mmoja alikuwa na koleo, anasema mwanamke kaja kwenye duara, kaiba, kataka kuua, watu hawa wafungashe waondoke kabla hawajaumizwa. Mzee Shija akaja akasimama kati yangu na lile koleo. Kwa sauti ile ile ya chini akasema, "Nilimtuma mimi. Nilimwambia atafute malapa yaliyoishi. Kama kuna wa kupigwa, nianzeni mimi." Nilitaka kusema kwamba hakuniambia nikayachukue bila kuomba. Akanitazama, nikafunga mdomo. Mara chache katika maisha yangu nimefunga mdomo kwa shukrani, na hiyo ni mojawapo.

Minza ndiye aliyemaliza maneno. Alinigeukia sasa, macho kwa macho.

"Dada, umetaka kunifanya mjane leo."

Nililia tu.

"Siku nyingine uje uombe," akasema. "Ningekupa hata ya kwangu."

Tulijua kwamba onyesho limekwisha, tukaanza kufungua turubai. Lakini Masanja, ambaye sasa alikuwa amekunywa maji na rangi imemrudia, aliletwa uwanjani amezungushwa kitenge, akakalishwa mbele kabisa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mlikuwa mmefika wapi?" akauliza.

"Mabula yuko karibu kurudi," Mzee Shija akamjibu.

"Sasa mnasubiri nini? Nimekosa mwanzo, nisikose na mwisho."

Tukaigiza. Jua lilikuwa bado lipo, limelala. Dotto akaingia kama Mabula, wazee wakakaa kikao, wakamwambia marehemu, subiri kwanza, lala humu kidogo watu wale. Dotto akatia mguu mmoja kwenye jeneza kama siku zote. Halafu akamtazama yule mtu kwenye ndoo, na malapa yake yenye waya mwekundu. Akakaa hivyo, mguu mmoja ndani mmoja nje, mpaka nikadhani kasahau maneno, nikamnong'oneza mara mbili. Akautoa mguu.

"Jamani," akasema, "mimi nina njaa."

Maneno hayo hayakuandikwa popote. Akachukua sahani ya ugali wangu, ugali wa kweli, akashuka jukwaani, akakaa chini mbele ya Masanja, wakala wote kutoka sahani moja. Ndugu wa marehemu nyuma yao wakaendelea kulililia jeneza tupu, maana hakuna aliyewaambia waache. Ndivyo mchezo ulivyokwisha siku ile, na ndivyo unavyokwisha mpaka leo. Ninyi mmekuwa mkimsifu Mzee Shija kwa mwisho ule. Mzee Shija aliuandika kesho yake, garini.

Tangu hapo ndipo tulipoanza ule utaratibu mnaouona wa kizamani: kifaa kikitoka kwenye sanduku, tunataja jina la mwenyewe kwa sauti, na kikirudi tunataja tena. Sufuria la Mama Ali. Kigoda cha Mchungaji. Koleo la Ramadhani. Ramadhani alinipa koleo lile mwenyewe, nilipomfuata kumwomba radhi. Alisema kwamba kwa siku nyingi alikuwa akishtuka usingizini na kwenda kutazama mlangoni kwake. Mkifika Geita, msione haya. Tajeni majina kwa nguvu, watu wacheke wakitaka.

Nimefanya kazi hii mpaka nimechoka, na ninapohesabu walionifikisha hapa naona ni watu ambao walikuwa na haki ya kunifukuza. Mzee Shija dirishani. Ramadhani. Minza, ambaye alinionyesha kosa langu mbele ya uwanja mzima, kisha akanipa chapati za njiani. Kama angekuwa mwoga wa kuchekwa, angekaa chini, na mimi leo ningekuwa nimebeba kitu kisichobebeka. Nawashukuru wote. Wabeja sana, popote walipo.

Masanja aliacha kuzama muda mfupi baadaye. Anakaa Kishapu, analima dengu, na kila mwaka akivuna ananiletea debe moja. Minza miguu haimruhusu kusafiri siku hizi, anatuma salamu na kunitania. Masanja akifika anavua malapa mlangoni kwangu, anaingia, tunakunywa chai.

Ndiye aliyekuja Jumapili, Neema. Yule mzee mwembamba anayekohoa, ambaye mlimwamkia akawaitikia wote mmoja mmoja. Alipoaga nilimsindikiza mpaka mlangoni. Mvua inanyesha, na nikaona mguu wake umeshuka kizingitini, vidole vinapapasa saruji iliyolowa, vinatafuta, na hakuna kitu. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Sikuwa nakuona wewe. Hata Kambarage sikuwa naiona.

Wewe ulikuja mbio nayo mkononi, makavu, ukayaweka miguuni pake. Yeye alikushukuru, mimi nikakufokea. Nisamehe, mjukuu wangu. Ulifanya jambo jema, na mama yako kakulea vizuri. Lakini siku nyingine, malapa ya mtu yakiwa mlangoni na mwenyewe yuko ndani, yaache yalowe.